Muyaka bin Haji: Bingwa wa mafumbo aliyeutetea mji wa Mvita kwa beti

MTOTO anayetegewa kitendawili akashindwa kukitegua hudaiwa mji. Atataja Kisumu, Malindi au Nakuru, naye mtegaji ataupokea, ajisifu kwamba sasa ni wake, kisha ndipo amfumbulie mwenzake jibu. Ni mchezo wa jioni tu. Kunapokucha, kila mji huwa ungali pale ulipokuwa.

Kwa Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1840, mchezo huo ulikuwa na uzito mwingine. Mji uliokuwa ukishindaniwa ulikuwa mji wa kweli, wenye ngome, bandari na makaburi ya wazee wake. Alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuutetea kwa beti za mafumbo, na alipofika uzeeni aliuona ukitwaliwa.

Jina la Muyaka limo katika vitabu vya fasihi na katika mihadhara ya vyuo vikuu. Hata hivyo, nje ya darasa, hususan katika mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi, ni wachache wanaolitaja. Ajabu ni kwamba mitaa hiyo ndiyo iliyoifufua sanaa yake kwa kishindo.

Mtaa wa Dandora ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo watu wa kipato cha chini waligawiwa viwanja vyenye maji na choo, wakaachiwa wajijengee nyumba wenyewe. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, vijana watatu wa mtaa huo waliojiita Kalamashaka walitoa wimbo ulioitwa Tafsiri Hii. Ulipigwa redioni kote nchini. Jina lenyewe lilikuwa changamoto: msikilizaji alitegewa maneno ya Kiswahili na Sheng, akaambiwa ayafumbue.

Baadaye kundi la wasanii wa Dandora lililojiita Mau Mau liliungana na kundi la Ukoo Flani kutoka Mombasa, wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Kwa muungano huo, vijana wa jaa la taka na vijana wa pwani walikutana katika jambo moja, kusema mambo mazito kwa lugha ya kufumba. Huko Mombasa, njia hiyo ilikuwa imekanyagwa na Muyaka karibu miaka 200 kabla yao.

MTU WA BAHARI NA SOKO

Wataalamu hukadiria kwamba Muyaka alizaliwa karibu mwaka wa 1776. Mombasa ya wakati huo ilikuwa chini ya maliwali wa ukoo wa Mazrui, ambao awali walitumwa na watawala wa Omani lakini wakaishia kujitawala. Makao yao yalikuwa Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590.

Muyaka alikuwa mfanyabiashara, na tungo zake zinamwonyesha mtu aliyeijua bahari, aliyezionja faida na hasara, na aliyeelewa jinsi marafiki wanavyopungua mfuko unapokuwa mtupu. Alitunga juu ya mapenzi, ndoa, wivu, umaskini, majigambo na siasa. Aliishi karibu na watawala wa Mazrui bila kuacha kuwa mtu wa watu.

Kabla yake, tungo zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa kwa wingi tenzi ndefu za dini, zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu na kusomwa katika hafla za heshima. Muyaka aliliinua shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanyika sawa kwa sawa, akalifanya chombo cha mambo ya kila siku. Ndiyo sababu husemwa kwamba alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni.

Nyingi ya tungo zake ni za ubeti mmoja tu. Ufupi huo haukuwa upungufu. Ubeti mmoja hukaririwa upesi, hubebwa kichwani na baharia anayeng'oa nanga alfajiri, na hufika Lamu au Pate kabla wino wa barua haujakauka. Pia huacha mengi bila kusemwa, na hapo ndipo fumbo hupata nafasi.

KUFUMBA NA KUFUMBUA

Fumbo la shairi si sawa na kitendawili cha watoto. Kitendawili huwa na jibu moja ambalo jamii imeshakubaliana nalo. Fumbo la malenga hutaka mambo mawili kwa pamoja: akili ya kuzunguka nyuma ya maneno, na ujuzi wa yaliyotokea mjini. Asiyejua ni nani aliyegombana na nani, jahazi gani lilichelewa na mzee yupi alibadili upande, ataelewa kila neno na bado akose maana.

Kwa sababu hiyo fumbo halikuwa kazi ya mtu mmoja. Malenga alifumba, na watu wa upande wa pili wakakaa pamoja kulipekua. Mmoja alijua historia, mwingine akajua methali, wa tatu akajua majina ya samaki na pepo za baharini. Walipokwisha kulifumbua, malenga wao alijibu kwa ubeti wenye mizani ileile na mara nyingi vina vilevile, akizidisha fumbo juu ya fumbo. Kushindwa kujibu kulikuwa aibu ya mji mzima.

Mchezo wa namna hii una ndugu zake kwingineko. Nchini Uingereza, Shirika la Utangazaji la BBC lilianzisha mwaka wa 1947 kipindi cha redio kiitwacho Round Britain Quiz, ambacho kilidumu kwa miongo mingi. Timu kutoka maeneo mbalimbali ya nchi hiyo hupewa maswali marefu yaliyofumbwa, yenye kutaja vitu visivyohusiana kwa lolote, zikatakiwa kutafuta uzi unaoviunganisha. Wachezaji hufikiri kwa sauti, na kadiri mwendeshaji anavyolazimika kuwadokezea, ndivyo alama zao zinavyopungua.

Waswahili wa zama za Muyaka wangeuelewa mchezo huo bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba timu zao zilikuwa miji ya Mombasa, Lamu na Pate, na baada ya maswali yalikuja majahazi ya vita.

VITA VYA KUDUHU

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya Mazrui ilikuwa na nguvu kiasi cha kutamani kuiweka Lamu chini ya mkono wake. Iliungana na Pate. Kabla ya mapigano, beti zilivuka bahari kwenda na kurudi. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na malenga aliyekuwa hodari wa kufumba na kufumbua.

Majibizano hayo yalikuwa vitisho, kejeli, maonyo na upelelezi kwa wakati mmoja. Malenga aliyeyataja mawimbi, jahazi au mnyama wa mwituni alikuwa akipima ni kiasi gani adui anajua juu ya mipango ya upande wake. Jibu nalo lilifichua kama upande ule umetishika au umejiandaa. Wasomi Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi hayo katika kitabu Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kilichochapishwa mwaka wa 1995.

Muyaka hakuwa mnyenyekevu katika malumbano hayo. Katika mojawapo ya tungo zake mashuhuri za kujigamba, anajifananisha na taza, samaki mkali wa majini ambaye akishashika windo halichomoki. Msikilizaji wa pwani hakuhitaji kuelezwa kwamba samaki huyo ni malenga mwenyewe, na kwamba nyuma yake uko mji.

Hata hivyo, ubeti hauzuii maji kupwa. Takriban mwaka wa 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalitua Shela, kisiwani Lamu, yakashindwa vibaya. Inasimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa, wakauawa wengi ufukweni.

Kushindwa huko kulibadili historia ya pwani nzima. Watu wa Lamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, walimwita Seyyid Said wa Omani awalinde. Said, ambaye tangu zamani aliwaona Mazrui kuwa raia waasi, alipata mlango wa kuingilia.

ZAWADI ILIYOKUWA FUMBO

Mwaka wa 1814 Abdallah bin Ahmed Mazrui akawa liwali wa Mombasa. Huyu ndiye mtawala ambaye jina lake huandamana sana na la Muyaka. Ilikuwa desturi liwali mpya kumpelekea mtawala wa Omani zawadi za heshima, ishara ya kukiri ukubwa wake.

Wanahistoria wanasimulia kwamba Abdallah hakupeleka dhahabu wala pembe. Alipeleka deraya ya kivita, baruti kidogo, risasi na kibaba cha kupimia nafaka. Hakukuwa na haja ya barua. Aliyepokea alitakiwa kuvitazama vitu hivyo, atafute uzi unaoviunganisha, na aelewe kwamba Mombasa haitoi kodi bali iko tayari kupigana.

Said alilifumbua fumbo hilo barabara. Hakujibu kwa maneno. Mwaka wa 1822 watu wake waliwaondoa Mazrui Pate, na mwaka uliofuata wakaitwaa Pemba, kisiwa kilichokuwa ghala la chakula la Mombasa. Kibaba kilichotumwa Maskati kilikuwa kimerejeshwa kitupu. Mwaka huohuo wa 1823 Abdallah alifariki.

Mnamo Februari 1824, viongozi wa Mombasa waliokuwa wamebanwa pande zote walimkaribisha nahodha wa Uingereza, William Owen, akapandisha bendera ya nchi yake juu ya Ngome ya Yesu. Ulinzi huo ulidumu kwa takriban miaka miwili tu. London haikuuidhinisha, na kufikia mwaka wa 1826 Waingereza walikuwa wamekunja bendera na kuondoka.

Kati ya hapo na mwaka wa 1833, Said aliuandama mji huo kwa merikebu zake mara kadhaa. Aliweza kuweka askari ngomeni, nao wakatolewa. Alishambulia tena akarudi mikono mitupu. Hizi zilikuwa siku za fahari katika utunzi wa Muyaka. Aliuita mji kwa majina yake ya kale, Mvita na Gongwa, akamkumbuka Mwana Mkisi, malkia ambaye mapokeo humtaja kuwa mwanzilishi wake. Aliisifu Mombasa kuwa mahali ambapo mgeni huingia akidhani amepajua, kumbe hajapajua. Kwa Muyaka, mji wenyewe ulikuwa fumbo kubwa kuliko yote, na Said alikuwa mchezaji asiyeweza kulitegua.

MJI WATOLEWA

Jibu lilitoka ndani. Liwali Salim bin Ahmed alipofariki mwaka wa 1835, jamaa za Mazrui waligombania kiti. Wenyeji wa Mombasa, waliogawanyika katika makundi mawili ya Tisa Taifa na Thelatha Taifa, nao walikuwa na manung'uniko yao. Baadhi yao walimwendea Said wenyewe.

Mwaka wa 1837 Said aliingia Mombasa bila vita vya kutajika. Muda si muda viongozi wa Mazrui wapatao 25 walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, na hawakuonekana tena. Wengine wa ukoo huo walikimbilia Gazi na Takaungu.

Hapa ndipo maisha ya Muyaka yanapomtia mtu simanzi. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amewafumbia maadui wa nje, akiamini kwamba wenyeji wote wako upande wake wa mchezo. Ngome yenye kuta nene ilifunguliwa na watu waliokuwa wakizijua beti zake kwa moyo. Fumbo humzuia asiyejua, lakini halina kinga dhidi ya mwenye ufunguo.

Muyaka aliishi miaka mitatu chini ya utawala mpya, akafariki mwaka wa 1840. Hakuacha kitabu. Aliacha beti zilizotawanyika vichwani mwa watu, sokoni, vyomboni na barazani.

WALIOOKOA FUNGUO

Huenda hadithi ingeishia hapo kama si mwalimu mmoja wa Mombasa, Sikujua bin Abdallah Al-Batawi. Miaka mingi baada ya kifo cha Muyaka, Mwalimu Sikujua alianza kuzikusanya beti kutoka kwa wazee waliozikumbuka, akaziandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo kwa ushirikiano na mmishenari Mwingereza, William Ernest Taylor, aliyeipenda lugha ya Kimvita na kuisoma kwa bidii.

Jambo la thamani zaidi ni kwamba hawakukusanya maneno peke yake. Pamoja na beti, walinakili maelezo ya mambo yaliyozizunguka: ni tukio gani lililomfanya malenga atunge, alimlenga nani, na neno fulani la kale lilimaanisha nini. Kwa lugha ya mchezo, waliandika swali na ufunguo wake.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Laiti angechelewa kuianza kazi hiyo kwa miaka michache, wazee waliomwona Muyaka kwa macho yao wangekuwa wamekwisha kuzikwa na maelezo yao. Taylor alifariki mwaka wa 1927, na nyaraka zake zikaingia katika maktaba ya taasisi ya masomo ya Afrika na Asia, SOAS, jijini London.

Kutokana na nyaraka hizo, William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy mwaka wa 1940, miaka 100 kamili baada ya kifo cha malenga, ikachapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka wa 1979 msomi Mohamed Hassan Abdulaziz alichapisha jijini Nairobi utafiti wake mpana juu ya Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya 19. Hivyo ndivyo malenga wa sokoni alivyoingia katika madarasa ya Kenya.

Hata kwa juhudi hizo zote, zipo beti zake ambazo wataalamu bado hubishania maana yake. Maneno yapo, mizani imetimia, vina vinaitikiana, lakini tukio lililoyazaa limepotea. Zimebaki kama makufuli mazuri ya shaba yasiyo na funguo. Aliyezifumba amekufa, na waliokuwa wakizifumbua nao hawako.

DENI LA DANDORA

Suala hilo halihusu karne ya 19 peke yake. Nyimbo zilizotoka Dandora kuelekea mwaka wa 2000 na miaka iliyofuata zimejaa majina ya vichochoro, matukio ya polisi, lakabu za watu na misemo ya Sheng iliyodumu msimu mmoja tu. Kijana wa wakati huo alizisikia redioni akacheka au akanyamaza, kwa kuwa alijua kilichosemwa. Mtoto aliyezaliwa mtaani humo miaka 20 baadaye huusikia mdundo, akayashika maneno, na akaikosa maana.

Sheng hubadilika haraka kuliko Kimvita kilivyobadilika. Ikiwa ilichukua takriban nusu karne kwa beti za Muyaka kuanza kujifunga, zile za Dandora zimehitaji muda mfupi zaidi. Waliozitunga na waliozisikiliza mara ya kwanza wengi wao wangali hai, na wanaweza kueleza mstari fulani ulimlenga nani na usiku upi ulisababisha utungwe. Kanda zimehifadhi sauti. Maelezo yamo vichwani mwa watu wazima wanaoelekea uzee, kama yalivyokuwa kwa wazee wa Mvita.

Muyaka hakuwa na namna ya kuzilinda funguo zake mwenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na mwalimu aliyewauliza wazee maswali, akaandika walichomjibu. Dandora ina malenga wake tayari, na ina beti zake. Anayesubiriwa ni Mwalimu Sikujua wake, kabla mtegewa hajabaki peke yake, hana wa kumuuliza, akalazimika kutoa mji.